Uzi Kwenye Ufizi wa Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na saba meno yake ya mbele ndiyo yamekuwa mkasi wa uzi. Mkasi wenyewe upo, umetundikwa ukutani, lakini nani aunyanyukie? Anashona, anainama, kat! Uzi umekatika. Pini nazo anazibana mdomoni huku anampima mteja, na anaongea nazo hivyohivyo.

Akipiga mswaki, utadhani anasugua sufuria iliyoungua. Fizi zikaanza kutoa damu, akasema ni joto. Zikavimba, akasema ni uchovu. Ufizi wa jino moja la mbele ukapanda mpaka mzizi ukawa nje, wa manjano, na jino likaanza kucheza. Dada, ambaye kicheko chake kilikuwa kinafika hadi kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akawa anacheka ameziba mdomo kwa kiganja. Halafu akaacha kucheka kabisa. Tunashona chumba kimoja, cherehani zetu zinatazamana, na kile kimya kilinikera kuliko kelele zote.

"Dada, utabaki na pengo!" nilimfokea. "Sikio la kufa wewe!"

Nikamburuta kwa daktari wa meno. Daktari akamkwangua ukoga ulioganda chini ya fizi, na baada ya wiki kadhaa uvimbe ukashuka. Kisha akakata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, akakishonea juu ya ule mzizi.

"Wiki mbili," akasema. "Usipige mswaki hapo, usivute mdomo kutazama, usiguse nyuzi. Kikishika, jino limepona. Kikibanduka, siahidi kitu."

Usiguse nyuzi! Unamwambia fundi?

Hakutulia hata siku moja. Anakaa, anasimama, anachukua kioo, nampokonya, anajitazama kwenye bapa la mkasi. "Mshono wenyewe wa kulipua," ananung'unika. "Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha." Siku ya sita nilitoka kununua vifungo. Narudi, namkuta ameshika taulo lenye damu, macho yamemtoka.

"Kulikuwa na uzi unaning'inia," akasema. "Mdogo wangu, sikuweza kuuacha. Nimeuvuta."

Jamani! Fundi mzima anavuta uzi bila kujua umefungia nini? Nililia kwa hasira mbele za wateja.

Daktari akamshona tena upande uliofunguka, akasema tungoje tuone. Wiki mbili nyingine! Nikawa nashona, nafumua, nashona tena. Siku ya kutolewa nyuzi sikuthubutu kwenda. Nilibaki na sare nyeupe ya nesi kwenye cherehani, jicho mlangoni.

Akaingia. Akainua mdomo kwa kidole. Ufizi umeshika, wa waridi, na mzizi umefunikwa.

"Afadhali!" nikasema, machozi yananilenga. "Na nikikuona tena unauma uzi, hayo meno nayang'oa mwenyewe!" Nikainama kwenye ile sare, nikamaliza mshono wa mwisho, kat!

Dada akaitazama sare, akanitazama mimi. Nami nikaangalia. Kwenye ncha ya uzi mweupe palikuwa na damu.

"Joto hili," nikasema.

"Nyani haoni kundule!" Akaangua kicheko, mdomo wazi, kiganja kimelala mapajani, mpaka kinyozi akachungulia mlangoni kwake.

Halafu akainuka, akautungua mkasi ukutani, akaufunga utepe na kunivisha shingoni.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote," akasema. "Fungua mdomo nione."

Nikauziba kwa kiganja.