Mama wa Kuazima

Nimefundisha Kajiado miaka mingi, na wazazi wa kuazima nimewaona wengi. Mwanafunzi akitumwa nyumbani alete mzazi, anaenda tu mpaka sokoni, anamwomba mtu mzima yeyote aje amsimamie mbele ya naibu mwalimu mkuu. Wengi wa wazazi hao huzidisha chumvi. Wanafika wakifoka, wanamzaba kofi mtoto ambaye hata jina lake la pili hawalijui, wanaomba msamaha, wanaenda zao.

Yule msichana wa kidato cha tatu, wa darasa langu, alikuwa amemtukana mwalimu wa hesabu. Haikuwa mara ya kwanza. Karatasi za mtihani alikuwa anazirudisha tupu, na ukimuuliza anakujibu, "Mwalimu, si unajua mimi ni bure?" Anasema hivyo bila haya, kama mtu anayekutajia kwao ni wapi. Haki, alinikera. Naibu akamwambia alete mama yake kutoka Kitengela, la sivyo afukuzwe kabisa.

Kesho yake alirudi na mama. Nilipoinua macho nikamtambua: ni yule muuza vitunguu vya Kimana pale sokoni, ambaye mimi mwenyewe hununua kwake kila Jumamosi. Naye akanitambua, akatazama chini. Nilifungua mdomo niseme, lakini naibu alikuwa ameshauliza, "Mama, huyu mtoto wako ni wa aina gani?" Nikangoja kofi.

Kofi halikuja. Mama alijifunga leso yake vizuri, akasema, "Tumetembea naye kutoka stendi. Njiani amenieleza makosa yake yote, hakuficha hata moja, na hakumsingizia mwalimu. Mtoto wa hivyo si mbaya. Akili iko. Amekata tamaa tu."

Msichana alimwangalia kama anayesikia habari za mtu mwingine. Kisha akaanza kulia, nami nikanyamaza.

Muhula ule alibadilika. Alimwomba mwalimu wa hesabu msamaha bila kusukumwa na mtu. Akaanza kuinua mkono darasani. Akikosea anacheka, anajaribu tena. Nilijiambia nitampigia simu mama yake halisi nimweleze polepole. Nikaahirisha, ati nisiharibu mambo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Maana siku ya wazazi ilipofika, msichana mwenyewe ndiye aliyemwita mamake. Alikuwa amepata alama nzuri za hesabu kwa mara ya kwanza, akataka mamake azisikie kutoka kwa walimu. Kwa furaha yake akajisahau. Mama akafika amevaa nguo zake za kanisani, akajitambulisha kwa naibu, naibu akamkodolea macho.

"Mama yake tunamjua," akasema. "Wewe ni nani?"

Basi yote yakamwagika. Nilimtetea msichana, nikasema nilijua tangu mwanzo, nikakaripiwa mbele ya watu. Naibu hakusikia la mtu. Uongo ni uongo, alisema, na msichana atafutiwe shule nyingine.

Mama alikuja kuketi ofisini kwangu, mkoba mapajani. Nilidhani ataniuliza kuhusu barua ya uhamisho, au anitukane kwa kunyamaza kwangu, na ningestahili. Aliuliza kitu kimoja tu: "Huyo mwanamke alisema nini?"

Nikamweleza neno kwa neno.

"Hayo hata mimi ningeyasema," akasema. "Mbona hakuniita?"

Nikamwambia, "Mwambie hivyo, mama. Yuko hapo nje. Mwambie sasa hivi."

Aliitikia kwa kichwa, akapangusa macho, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni. Msichana aliinuka haraka kutoka kwenye benchi, akamtazama mamake usoni, akingoja.

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Chukua vitu vyako, twende."