Wema wa watu wa Madimba utaniua

Jamani, kusaidiwa nako kunachosha.

Gari langu limegoma kuwaka. Fundi kaja, kainamia kiti cha nyuma asikilize kama pampu ya mafuta inapata umeme.

"Washa swichi, dada, halafu kimya nisikie."

Hakuna mlio. Akasema kuna waya umeachia, ngoja autafute.

Mara watu wakatoka msikitini. "Pole mwanetu! Tusukume!"

Hawakusubiri jibu. Gari likatikisika, waya ulioachia ukajishika wenyewe, likawaka. Shangwe!

Fundi akafunga boksi lake. "Likiwaka hivi sioni pa kuanzia. Likigoma tena, lisisukumwe."

Sasa niko sheli mjini Mtwara, mafuta yanakaribia kuisha.

"Dada, zima gari kwanza," akasema mhudumu wa sheli.

Nikamwambia nikizima haliwaki.

Wanaume wawili nyuma yangu wakakunja mikono ya mashati.

"Zima tu dada, tupo."