Macho Mawili ya Mtakatifu Paraskevi

Stamata alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa mtaa wa juu wa Thesaloniki, na kama kuna anayesema alikuwa mkaidi, aje aniambie mimi. Mumewe alikufa mapema. Yeye akabaki na ufagio wake na kanisa letu dogo la kale, lile lililozama katikati ya maghorofa, ambalo unalishukia kwa ngazi, na mabasi yanapita usawa wa madirisha yake.

Watakatifu waliochorwa ukutani mle hawana macho. Tangu enzi za bibi zetu, mwanamke akiumwa macho aliyakwangua ya mtakatifu, akachanganya vumbi lake na maji, akanywa. Kila mtakatifu aliyefikiwa na mkono tulimpofusha.

Kulipopambazuka baada ya lile tetemeko kubwa la ardhi, sisi bado tumekaa uwanjani na mablanketi, Stamata aliingia kufagia. Chokaa ya ukuta mmoja ilikuwa imeporomoka yote. Nyuma ya chokaa ile amesimama Mtakatifu Paraskevi, mama mponya macho mwenyewe, ambaye hakuna aliyejua kuwa yumo. Macho mawili, mazima, yanatazama. Stamata alitoka akanivuta mkono. Nikaingia mimi, nikapiga ishara ya msalaba. Mamia ya miaka yule mama alikuwa mle gizani, macho wazi, anatungoja.

Uzeeni macho ya Stamata yakaingia ukungu. Daktari akasema hana la kufanya. Basi mdogo wake, Zaharoula, akaja na kijiko mfukoni, tukashuka kanisani sote watatu.

“Kidogo tu, dada. Ncha ya kijiko. Si ndiyo kazi yake, kuponya macho?”

“Rudisha kijiko mfukoni.”

“Umemfagilia maisha yako yote, leo akunyime jicho moja?”

“Akinipa, yeye atatazama kwa macho gani?”

“Ile ni rangi, Stamata!”

“Kama ni rangi, kaninunulie dukani ninywe.”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Zaharoula alikuwa analia. “Utapofuka, mjinga wewe!”

“Nitapofuka. Nisogezeni karibu.”

Tukamsogeza. Hakugusa ukuta. Alisimama na mtakatifu uso kwa uso, mikono kifuani, basi likapita huko juu na taa za mafuta zikatikisika.

“Bado anatazama?” akaniuliza.

“Anatazama.”

“Anatazama mlango, au mimi?”

Niliangalia vizuri, maana Stamata hakuwa mtu wa kudanganywa. “Wewe.”

“Basi yatosha.”

Akapofuka kweli. Akaendelea kufagia kwa kupapasa, na kila alipofika ukuta ule aliinamisha kichwa kama anayempita mwenye nyumba. Tumeshamzika. Kile kijiko Zaharoula anakorogea kahawa. Na mimi nikishuka zile ngazi hata leo, kabla sijawasha mshumaa nanyanyua uso kwanza, na yule mama ananitazama kwa macho yake yote mawili.