Tulivyompeleka Baba Kwenye Theluji

Safari hii ilianza jikoni kwetu mtaa wa Abu Hamour, Doha, asubuhi moja ya Novemba, Baba aliposukuma kando sahani ya mayai na kusema, "Maitu, huku kwenu mtu hata hana mti wa kuegemea."

Maitu ni "mama yangu" kwa Kikuyu. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake. Baba alikuwa na miaka sabini na moja, na alikuwa amekaa nasi Doha wiki saba. Mama alifariki mwezi wa Mei. Nilikuwa nimelazwa tangu kabla ya kifo chake, nimefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na siku ya mazishi nikaona kwenye simu kaburi likifukiwa. Nilimleta Baba ili asikae peke yake, lakini tangu afike hakuna kati yetu aliyemtaja Mama. Nikimsemesha, alinijibu huku macho yakiwa dirishani. Niliamini amenikasirikia kwa kutokuja.

Baba alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, Kenya, akikata miti kule juu kwenye baridi, na msumeno ulimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu Daudi kwamba likizo ya Desemba twende msituni. Yeye ndiye aliyepata mahali: nyumba ndogo za mbao za wageni, milimani nchini Georgia, mwendo wa karibu saa nne kwa ndege. Nilibadilishana zamu na wauguzi wenzangu mpaka nikapata siku tano. Sisi wenye vibali vya kuishi Qatar hatukuhitaji viza, ila Baba alikuwa mgeni tu, na yake ilitoka siku mbili kabla ya safari, nikiwa nimeshaanza kuandika barua ya kughairi.

Makoti tulinunua mtaa wa Najma. Mwenye duka alitutazama, nje jua linawaka, akauliza, "Ya Allah, haya mnaenda kuyavaa wapi?"

"Kwenye theluji!" akajibu Tabitha, binti yetu wa miaka minane, mzaliwa wa Doha, ambaye msitu aliujua kwa picha.

Saa mbili asubuhi ndege iliondoka. Baba alikaa dirishani, kofia imeshikwa magotini, akatazama mchanga mpaka ulipoisha na milima ikaanza. Ilikuwa myeupe kabisa, safu baada ya safu, kama dunia imemwagiwa unga.

"Hayo si mawingu?" akauliza.

"Ni theluji, Guka," Tabitha akamwambia babu yake.

Baba akasogeza uso mpaka pumzi yake ikafunika kioo.

Saa tisa alasiri tulikuwa tumeshatua Tbilisi na kuuacha mji nyuma. Gari tulilokodi lilifuata mto kwa muda mrefu, kisha likaanza kupanda. Misonobari ilitusogelea pande zote mbili, kwanza michache, halafu mingi, halafu hapakuwa na kitu kingine. Kila tawi lilikuwa limebeba theluji. Daudi alizima redio. Nimeishi katika joto miaka kumi na moja, nikasahau kwamba hewa inaweza kuwa na harufu. Nilipofungua dirisha kidogo, harufu ya utomvu iliingia na baridi yake, na Baba akafumba macho.

Tulipofika, Nino alikuwa akitungoja mlangoni. Ndiye mwenye zile nyumba, mama wa makamo mwenye buti za mpira na Kiingereza cha polepole. Alitupa mkate wa jibini uliokuwa bado unafuka moshi, akamtazama Baba na kumuuliza kama amewahi kuona theluji.

"Barafu ya alfajiri kwenye majani, ndiyo," Baba akasema nami nikamtafsiria. "Hii, sijawahi."

"Basi kesho usitoke haraka," Nino akamwambia. "Simama kwanza."

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka. Daudi na Tabitha walibaki uani wakitupiana theluji, mimi na Baba tukamfuata Nino kwenye njia ya msituni. Sina hakika nitaweza kueleza ule ukimya. Hatua zetu zililia chini ya buti, na tukisimama, hakuna kilichosikika, si ndege, si upepo. Mashina yalipanda juu yamenyooka, meusi, na mwanga ulishuka katikati yake ukiwa umejaa chembechembe zinazometa. Niliogopa kukohoa, kama mtu aliyechelewa kanisani.

Nino alituonyesha msonobari mmoja ambao watu watatu wasingeweza kuukumbatia. Alisema ulikuwepo kabla ya babu wa babu yake, kisha akatangulia mbele.

Baba alivua glavu. Akaweka kiganja chake chenye vidole vitatu kwenye gome, akainua uso kuutafuta ule mwisho wa mti, akakaa hivyo mpaka nikahofia shingo yake.

"Miaka yote ile," akasema, "sijawahi kusimama chini ya mti bila kuangalia utaangukia wapi."

Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Mama yako alikuulizia."

Nikamsogelea.

"Siku ya mwisho. Akauliza, 'Maitu amefika?' Nikamwambia uko njiani. Nilijua umelazwa. Nikamdanganya, akafurahi, akalala. Hakuamka tena."

"Baba..."

"Kila nikikuangalia usoni naona nilivyomdanganya. Ndiyo maana sikuangalii."

Nilimwambia nilichokuwa nacho moyoni tangu Mei, kwamba nilidhani amenikasirikia. Aligeuka, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nikukasirikie kwa kuugua?"

Nikamshika ule mkono. Ulikuwa baridi na umenata utomvu. Nikamwambia kama ningekuwa mimi kando ya kitanda, ningemwambia Mama neno hilo hilo. Akaanza kulia, polepole, bila kuficha uso, nami nikalia naye. Nino alikuwa amesimama mbali kidogo, ametupa mgongo, akitazama matawi.

Siku mbili zilizobaki tulifanya yale ambayo wageni hufanya. Tuliteleza kwa kipande cha mbao kilimani, na Baba, baada ya kukataa mara tatu, aliteleza pia, akashuka akipiga kelele kwa Kikuyu, huku Tabitha akimkimbilia nyuma.

Kwenye ndege ya kurudi Doha alimsimulia Tabitha habari za nyanyake: jinsi alivyoimba akifua, jinsi alivyowahi kumfukuza meneja wa kiwanda kwa mwiko. Mengi sikuyajua. Nilipanga safari hii nikidhani Baba anahitaji miti, na nimejifunza kwamba miezi yote ile tulikuwa tukihurumiana kwa kunyamaza, kila mmoja akiumia chumbani kwake.

Chini yetu jangwa lilianza kuonekana. "Halafu Nyanya akasema nini?" Tabitha akauliza, na mimi nikainama juu ya kiti cha mbele yangu ili nisikose jibu.