Karani na Udongo wa Ufuo

Harufu ya mkojo wa paka haina adabu, jamani. Huingia chumbani bila hodi. Juzi mjukuu wangu alipopiga kelele kwamba paka wao kakojolea mkeka, wenzake walicheka. Mimi niliinuka polepole nikaenda kukaa peke yangu. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi Kilwa Kivinje, enzi za Mwingereza, mwaka aliofariki Baba.

Paka wetu tulimwita Karani, kwa ule mwendo wake kama mtu anayekwenda bomani. Alikuwa nadhifu kutupita sisi watoto. Haja zake zote alizimaliza uani chini ya mpapai, akafukua, akafukia, kisha akanusa kuhakikisha. Mama alikuwa akitusuta: "Hata Karani anajua choo kilipo!"

Baba alipokufa alioshwa chumbani, kama ilivyo desturi yetu. Chini ya kitanda walichimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, na baada ya kuosha wakalifukia kwa jembe. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu. Pale pekee pakabaki pametifuka. Hakuna aliyethubutu kupakanyaga. Mama, aliyekuwa amekaa eda chumba kile kile, alitandika mkeka wake kando.

Haukupita muda, Karani akaacha kwenda uani. Akawa anakwenda haja pale pale penye ufuo. Lo, aibu gani ile! Shangazi alisema paka kaingiwa na shetani. Baba mkubwa, kaka yake Baba, mtu mpole siku zote, alikuja na gunia, macho mekundu.

"Anamnajisi ndugu yangu," alisema, sauti ikimkatika. "Nakwenda kumtupa Miteja, fisi wamle huko."

Mimi nilikuwa na siri yangu. Nilikuwa nimemwona Karani anavyoparura pale, nikaamini anamtafuta Baba. Kama paka kajua, basi Baba yumo. Kila Mama aliposinzia, nami nilichimba kwa kidole, nikamwita kwa kunong'ona.

"Msimtupe!" nikapiga kelele. "Atamtoa Baba!"

Mama akanivuta nyuma ya pazia lake la eda, akanishika mkono, akautazama udongo uliojaa kwenye kucha zangu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, weka gunia chini. Paka hana kosa, kaona udongo laini. Niletee maji na kipande."

Kipande ni ule ubao wenye mpini wa kushindilia sakafu. Baba mkubwa alitaka kumpokea, Mama akakataa. Alinyunyiza maji, akapiga, kaniki yake ya eda ikilowa matope na machozi yakimtoka kimyakimya. Nilimng'ang'ania mguu nikimsihi aache. Hakuacha mpaka pakawa sawa na sakafu nyingine.

Karani akarudi chini ya mpapai, wala hakuonekana kumkumbuka mtu. Mimi nilimchukia Mama kwa muda mrefu. Niliona kamfungia Baba mlango.

Nilipokua nikamsamehe, nikidhani alifanya vile kumwokoa paka. Nimekuja kuelewa uzeeni, nami nimeshakaa eda yangu. Mama alikuwa akilala mkono wake umenyooka nje ya mkeka, kiganja juu ya udongo ule. Ingekuwa shauri lake, asingeupiga kamwe. Aliupiga kwa sababu aliona kucha zangu.