Boke na Safari ya Kutembezwa

Usiku ule Boke alikoroga uji ambao hakuna aliyeuomba. Watoto walikwisha lala, lango la zizi lilikwisha fungwa kwa magogo yake, lakini yeye aliendelea kukoroga, sikio moja jikoni na jingine njiani. Mumewe, Waitara, alikuwa kwenye baraza la mtemi tangu mchana. Wanaume wa Itiryo walikuwa wanaamua kama wake zao, wanachama wa chama cha akina mama, wangeruhusiwa kwenda kuona miji ya nchi za jirani.

Boke alikuwa mtu wa wasiwasi, na wala hakuuficha. Mbwa akibweka, yeye aliwaza chui. Mbwa akinyamaza, aliwaza kwamba chui amekwisha shiba. Shule aliionja tu misheni, akatoka na kusoma kwa kufuata herufi kwa kidole. Lakini macho yake hayakuhitaji mwalimu. Mgeni alikuwa hajakaa vizuri, Boke alikwisha jua kama ana njaa au ana ugomvi.

Safari hii wasiwasi wake ulikuwa na jina. Binti yake wa kwanza, Christina, aliolewa na Joram, kijana wa hapohapo Itiryo aliyepata kazi Uganda, kwenye bwawa la umeme la Jinja. Tangu Joram ampeleke huko, mama na mwana hawakuonana tena. Wakati wa mavuno alikuja likizo kijana mmoja afanyaye kazi huko, akasema Christina amejifungua. Mtoto gani? Hakuuliza. Mwenyewe hali yake? "Nilimwona kwa mbali, mama. Naona kama amekonda." Hilo "naona kama" lilimkaa Boke kooni kama mwiba wa samaki.

Angefanyaje? Mama wa Kikurya hafungi mzigo akaenda kwa mkwewe kama anayekwenda kisimani. Mkwe na mama mkwe wana soni: hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja huingia porini. Baba angeweza kwenda, lakini Waitara alisema, "Habari mbaya ina mbio. Ingekuwepo ingekwisha fika." Maneno hayo yalimtosha yeye, akalala. Hayakumtosha Boke.

Ndipo Bibi Agustina, bibi maendeleo wa Tarime, alipoleta neno la safari. Baraza la wilaya lingelipia gari na malazi. Wao wangechagua moja kati ya mbili: ama Kisumu, Nakuru na Nairobi, ama Kisumu, Jinja na Kampala. Boke aliposikia Jinja, alishika nguzo ya mlango.

Sasa mbwa alibweka. Waitara aliingia, akaegemeza fimbo yake ukutani, akakaa bila kusalimu.

"Tumekataa," alisema.

"Mmekataa nini, baba Christina?"

"Ninyi kutembezwa! Yule bibi alisimama mbele ya wazee wazima akasema bila haya: wake zenu watatembezwa Kisumu, watatembezwa na miji mingine miwili. Mzee Matiko akanigeukia, akaniuliza, 'Waitara, na wako naye atatembezwa? Bei yake imefika ngapi?' Watu wakacheka. Sikuwa na pa kuuweka uso."

Boke aliuacha mwiko ndani ya uji. Mnadani Tarime, mbuzi hutembezwa. Kuku hutembezwa kichwa chini, sufuria hutembezwa, shuka hutembezwa. Kila kinachotembezwa kinatafutiwa mnunuzi. Mkurya aliyejifunza Kiswahili chake mnadani angeelewa nini kingine?

"Mlifikiri tunakwenda kuuzwa?"

"Sikufikiri. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Na huko kwa watu, nani atamnunua bibi Waisiko, na meno yake mawili?"

Waitara alikunja uso kwa nguvu, lakini mabega yalimsaliti. "Huyo," alisema mwishowe, "hata wakipewa bure watamrudisha kabla ya jioni." Akacheka mpaka akaomba uji.

Asubuhi Boke alishika njia ya Tarime, akamkuta Agustina anafagia mbele ya ofisi yake. Agustina alikuwa mtu wa Tanga, Kiswahili alizaliwa nacho, na hakuelewa kabisa wale wazee walikasirikia nini.

"Lakini mama, kumtembeza mgeni ni kumwonyesha mji!"

"Kwenu, mwanangu. Huku ni mbuzi."

Agustina akaachia ufagio. "Ya Rabi! Na mimi nimelirudia lile neno mara ngapi! Basi nitasema wataongozwa."

"Usiseme. Huku anayeongozwa ni kipofu."

"Sasa niseme nini?"

Boke alifikiri. "Sema watapokelewa. Sema kila mji una mwenyeji wa kuwapokea, na mwenyeji huyo ndiye atakayewarudisha. Mgeni aliyepokelewa hamwaibishi mumewe."

Agustina aliyasema hivyohivyo kwenye baraza lililofuata. Mzee Matiko aliuliza swali moja tu. "Watarudi wote?"

"Wote, mzee."

"Na Waisiko?"

"Naye."

"Haya," alisema Matiko, kama mtu aliyevunjwa moyo kidogo. "Waende."

Ikabaki kuchagua, na hapo ndipo Boke alipokosa usingizi kweli. Kezia, mwenyekiti wa chama, mke wa fundi cherehani, alikuwa ameshaamua Nairobi moyoni mwake, na Kezia akiamua jambo moyoni, kwa kawaida huwa limeamuliwa na moyo wa kila mtu. Walipokusanyika alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Nairobi kuna magorofa," alisema. "Kuna maduka ambayo nguo zinavalishwa sanamu. Kuna treni. Uganda kuna nini? Ndizi. Ndizi hata Tarime zipo."

"Nairobi bado kuna hali ya hatari," alisema mmoja. "Askari wanasimamisha watu barabarani."

"Watatusimamisha, watatutazama, watatuachia. Sisi ni akina mama, tuna nini?" Kezia akamgeukia Boke. "Mama Christina, mbona umekunja uso? Hata kuvuka mpaka wa Sirari unakuogopa?"

"Sirari siogopi. Shamba la mjomba wangu liko upande wa pili."

"Basi sema unataka nini."

Boke alikuwa amepanga kusema juu ya barabara, juu ya mvua, juu ya usalama. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa ukweli. Lakini wote walikuwa wakimtazama, na hakuwa hodari wa kudanganya watu waliomsaidia kujifungua.

"Nataka Jinja," alisema. "Christina yuko huko. Amezaa, na mtu amesema amekonda, na mimi sijui kama alisema kweli. Ndiyo sababu yangu, sina nyingine."

Kezia akacheka, bila ubaya. "Kwa hiyo chama kizima kipande gari kwenda kumwona mjukuu wako?"

"Mnaweza kumtazama kidogo tu," Boke alijibu, "halafu mkaendelea na mambo yenu."

Hapo kicheko kikawa cha wote. Wakaambiwa wasimame: wa Nairobi kwa Kezia, wa Uganda kwa Boke. Wakajipanga, wakahesabiana kwa macho, mstari ukawa sawa na mstari. Aliyebaki ni bibi Waisiko tu, amekaa kwenye jiwe, anatafuna mbegu za maboga.

"Na wewe, bibi?" Kezia aliuliza. "Njoo uone nyumba juu ya nyumba."

"Nyumba juu ya nyumba nimeshaelewa," alisema Waisiko. "Hata hapa nilipokaa naiona. Ila nimesikia Jinja wanachukua maji, wanayatoa moto. Maji! Hilo, wajukuu zangu, nikifa bila kuliona nitawasumbua ninyi." Akainuka, akajikongoja mpaka nyuma ya Boke.

Kezia alifungua kanga yake, akaifunga upya. "Haya, Uganda," alisema. "Lakini nikikuta ndizi tu, nitawabebesha mikungu mpaka Itiryo."

Basi wakaenda. Kisumu Waisiko aliisalimia treni shikamoo, kwa sababu ilikuwa inapumua. Kutoka hapo mwenyeji wao alikuwa Rubeni, mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni. Akipuliza, walitakiwa wakusanyike. Kezia aliichukia ile filimbi mpaka siku ya pili, alipoanza kuamrisha yeye lini ipulizwe. Jinja walisimama juu ya bwawa, maji yakinguruma chini ya miguu yao, Rubeni akawaeleza umeme unavyotengenezwa. Waisiko alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeona maji," alisema. "Moto uko wapi?"

"Umo kwenye nyaya, bibi. Hauonekani."

"Mwalimu, hata kwetu tunao moto usioonekana. Tunauita kukosa kuni."

Boke hakucheka na wenzake. Macho yake yalikuwa ng'ambo, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, zote zimefanana kama mayai. Rubeni aliwapa mapumziko hadi wakati wa chai, na Kezia akamshika Boke mkono kabla hajaomba.

"Twende, mama Christina. Nairobi yangu imekufa kwa ajili ya huyu mtoto, lazima nimwone."

Waliuliza, wakaonyeshwa, wakafika kwenye mlango wa rangi ya kijani. Kezia alipiga hodi. Boke alisimama nyuma yake.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliyefungua alikuwa Joram mwenyewe, akiwa na fulana ya ndani, uso nusu umejaa povu la kunyolea. Alimwona Kezia, akaanza kutabasamu. Kisha akaona aliyekuwa nyuma ya Kezia.

Mlango ulifungwa kwa kishindo kuliko ulivyofunguliwa. Na Boke naye, bila kufikiri, alikuwa amekwisha geuka, uso umebandikwa ukutani.

"Mura!" Kezia alimwita, kama wanavyowaita vijana wa kwao. "Mura wewe, fungua! Tuna filimbi inatungoja!"

"Shikamoo, mama!" sauti ilisema ndani, ikitetemeka. "Huyo... yuko hapo?"

"Yupo. Amegeuka."

"Abaki amegeuka!"

"Na mwenzako yuko wapi?"

Ndani pakawa kimya. Mwanamke aliye mzima angejibu. Mwanamke aliye mzima angekimbia akisikia watu wa kwao mlangoni. Alitazama ukuta, akaona ufa mwembamba unaoshuka mpaka chini, na akaanza kuomba kimoyomoyo bila kujua anaomba nini.

"Joram," alisema, na hilo lilikuwa jambo kubwa, mama mkwe kumsemesha mkwe mwenyewe, japo kupitia ukuta. "Mwanangu ni mzima?"

"Mzima, mama! Yuko bombani uani, anafua, hasikii! Ngojeni, mimi natoka kwanza!"

"Utatokea wapi," Kezia aliuliza, "na mlango ndio huu?"

Jibu lilikuwa mlio wa dirisha la nyuma, kiti kuanguka, na kelele za majirani wakishangilia. Mtu mzima mwenye povu usoni alikuwa amening'inia dirishani nyumbani kwake mwenyewe mchana kweupe. Kezia alikwenda kuchungulia kwenye kona, akarudi anajifuta machozi. "Amekwama," alisema. "La, ametoka. Kiatu kimoja kimebaki. Mama Christina, binti yako ameolewa na mtu mwenye adabu, hilo silipingi."

Huko uani wakasikia mwanamke akiuliza kwa sauti, "Wewe, unakimbia nini?" halafu maneno ya haraka ya Joram, halafu beseni likiangushwa. Miguu ilikimbia kuuzunguka ule upande wa nyuma. Dirisha likagongwa, mtu akapanda, mtoto akalia ndani, akabembelezwa.

"Yeye naye anapitia dirishani?" Kezia alishangaa. "Nyumba hii mlango wameuweka wa nini?"

Komeo likasogezwa. Mlango wa kijani ukafunguliwa taratibu, na safari hii haukufungwa tena. Christina alisimama kizingitini, mikono imejaa mapovu ya sabuni, mashavu yamejaa kama ya mtu anayekula ndizi za Uganda kila siku, mtoto wa kike ubavuni akiwatazama kwa macho makavu, ya uangalifu.

"Mama," alisema Christina, akicheka na kulia, "huo ukuta unausalimia nini? Mimi niko huku."