Sufuria ya Zambarau Niliyoikana

Jina langu naomba msilichape. La mke wangu chapeni, maana yeye hakukosa. Aliitwa Kabula. Mwenye kosa ni mimi, na kosa lenyewe ni maneno manne tu niliyoyatamka mbele ya baba yangu.

Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Tulipanga chumba Nyakato. Miaka minne kabla ya uhuru, pamba ilikwisha mapema, mashine zikasimama, tukaambiwa tukae nyumbani mpaka tutakapoitwa. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, mtoto bado.

Jamani, sijapata kuishi raha kama miezi ile miwili!

Asubuhi tulikwenda upande wa Buswelu, kwenye mto wenye mizambarau kandokando. Mimi napanda, yeye anatandika kanga chini. Nikitikisa tawi zinamwangukia kichwani, anapiga kelele: "Wewe! Unaniokotesha au unanipiga?" Jioni tulitoleana ndimi kuona wa nani umekuwa mweusi zaidi. Watu wazima!

Kabula aliwahi kufua nguo kwa masista, na huko aliona jinsi ya kuchemsha matunda na sukari mpaka yawe mazito kama asali. Siku ya kwanza moshi ulimuumiza macho, nikachukua mwiko. Basi, tangu siku hiyo mkorogaji nikawa mimi. Nilipenda kazi ile, siwezi kusema uongo. Nilijua kwa harufu tu kwamba sasa imeiva. Baadaye nikasonga na ugali, nikakaanga na sato. Kabula akanipa jina: Bwana Mpishi.

"Bwana Mpishi, leo tunakula nini?"

"Kaa chini, bibi. Utaletewa."

Lakini mlango nilikuwa naufunga. Kwetu mwanamume haketi jikoni. Anakula na wanaume wenzake, na chakula kinaletwa.

Kisha tukasafiri kusalimia wazee. Kwanza kwao, Magu, kwa basi. Tulipokelewa vizuri, tukafungiwa na kuku wa kurudi naye. Halafu tukavuka ziwa kwa boti kwenda kwetu, upande wa Sengerema. Kabula alibeba chupa moja ya zambarau kikapuni, ameiziba kwa gunzi.

Asubuhi ya pili wanaume tulikuwa tumeketi uani, uji umeletwa. Kabula akaja, akapiga goti, akanitilia kijiko kimoja katika bakuli langu kama tulivyozoea. Alikuwa anataka kuwapa na wengine. Hakufika.

"Hicho cheusi ni nini?" shangazi yangu aliuliza kutoka mlangoni.

"Zambarau, Shangazi. Tumechemsha na sukari."

"Tumechemsha? Wewe na nani?"

Kabula akanitazama, anatabasamu. Alingoja niseme.

Kaka yangu akacheka. "Kumbe ndiyo hiyo! Tumesikia habari za Nyakato. Wanasema huyu bwana anachota maji, anaosha vyombo. Tukadhani ni uongo wa watu. Kumbe mwenzetu analishwa!"

Wanaume wakaacha uji. Shangazi akaja, akainusa chupa. "Dawa hii," alisema. "Mwanangu amefungwa akili."

Kabula akainyanyua ile chupa, akanywa pale pale, nyingine ikamchuruzika kidevuni. "Kama ni dawa, nami nimejilisha!"

"Aliyeitengeneza haimdhuru," shangazi akajibu.

Baba aliweka bakuli lake chini. Akanigeukia mimi. "Wewe uliona inapikwa?"

Ndugu zangu, lilitakiwa neno moja. Ningesema niliikoroga mwenyewe, ningechekwa siku ile, labda mwaka mzima. Ningechekwa tu! Nikaangalia miguu yangu.

"Mambo ya jikoni siyajui."

Baba akaimwaga chupa mchangani. Kabula hakulia. Alijifuta kidevu kwa ncha ya kanga, akaenda kufunga kikapu.

Tulipanda boti, tukafika katikati ya maji. Ndipo akaniuliza, polepole, "Ungekufa kwa kusema?"

"Nitawaambia. Tukienda wakati wa mavuno nitawaambia."

"Wale sina neno nao. Hawakujua. Wewe ulijua."

Nilimwahidi. Mavuno yakaja, nikasema baba anaumwa, si wakati wake. Mwaka uliofuata baba akafa, nikasema sasa kuna msiba. Kila safari nilikuwa na sababu. Na kila safari mke wangu alipika pamoja na wanawake wenzake, na sahani yake ikarudi jinsi ilivyokwenda. Tulipopata mtoto, shangazi alikuja Nyakato na unga wake mwenyewe. Kabula alimwamkia shikamoo kwa goti, akamwashia moto.

Hakunifukuza, hakunisema kwa jirani. Alinipikia kila siku mpaka mwisho. Ila mwiko hakunipa tena, kwenye mizambarau hatukwenda tena, na Bwana Mpishi sikuitwa tena.

Mwaka jana homa ilimchukua kwa siku tano. Kisha, kabla ya arobaini kwisha, uhuru ukaja. Watu walicheza ngoma barabarani, mimi nimekaa na mtoto ndani.

Siku ya maziko ndugu zangu walivuka ziwa wote. Walikuja na sufuria zao. Vyungu vya Kabula walivipanga nje ya ukuta, mbali, vimepinduliwa juu chini. Nilipoviona, tumetoka kaburini, miguu ikanisimamisha yenyewe.

"Ile chupa niliipika mimi," nikasema. "Nilikoroga mimi, kwa mkono huu. Kabula hakunilisha kitu. Niliona aibu, basi!"

Shangazi akanijia, akanishika mkono kwa huruma, kama anayemshika mgonjwa.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Kisha akawageukia wanawake, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Mmeona? Mwenyewe amekufa, na dawa yake bado inamfanyia kazi."

Sasa zambarau zimeiva tena. Juzi nilichemsha sufuria nzima, mlango wazi, kila apitaye anione. Hakuna aliyecheka. Wanasema maskini, amefiwa.

Wanaume wenzangu, kama kwako unashika mwiko, na siku moja ukaulizwa mbele ya watu, sema hapo hapo, mbele ya watu wale wale, wakikucheka wakucheke. Mimi niliyasema yote, na aliyekuwa akingoja kuyasikia alikuwa tayari amefunikwa udongo.